Msomi wa historia si wa kusomesha tu

Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wapo wazee hapa visiwani wanaomkabili kijana aliyechagua somo la historia kwa swali moja: "Utakula nini?" Mzee aliyejinyima ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza. Ila jawabu lililozoeleka, kwamba kijana huyo atasomesha skuli au atakaa barazani, ni jawabu pungufu, na hasara yake haimfiki mzazi peke yake.

Mwanafunzi wa historia aliyefunzwa barabara hakufunzwa kukariri miaka. Alipewa waraka akatakiwa aeleze umeandikwa na nani, lini, kwa maslahi ya nani, na waraka gani mwingine unaupinga. Waliokaa darsani wanaijua adabu hiyo: habari haikubaliwi mpaka ijulikane imepokewa kutoka kwa nani. Hiyo ndiyo kazi ya hakimu, ya mpelelezi, ya mkaguzi wa hesabu na, tusijisahau, ya mwandishi wa habari.

Tutazame mashauri ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, na wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Waliogaiwa wengi wameshatangulia mbele ya haki, na warithi wao wanagombania mipaka. Mmoja huja na hati, mwengine na shahidi mkongwe, wa tatu na karatasi ya babu yake iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Afisa asiyeweza kuisoma karatasi ile, wala kuipima na maneno ya shahidi, ataamua kwa kufuata mwenye sauti kubwa. Mambo ya wakfu ni hayo hayo. Na pale Kilimani, Nyaraka za Taifa zimehifadhi kumbukumbu za tangu karne ya 19, za Kiarabu na za Kiingereza, zinazongoja wasomaji.

Hata mpangaji wa kilimo hawezi kujitenga. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, kikaiacha Pemba karibu salama. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Anayepanga bila ya kulijua hilo ataona takwimu asione sababu.

Utalii tusiuseme sana, kwani kila mtu anauona. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini baadhi ya masimulizi wanayopewa wageni vichochoroni yanatia haya. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, ilidhihirika kwamba kulirejesha jengo kama lile hakuanzi na chokaa na boriti. Huanza na picha na michoro ya zamani, na mtu anayejua kuifasiri.

Wasomeshaji nao hawakosi lawama. Kuna wanafunzi wanaomaliza masomo ya historia bila ya kushika waraka hata mmoja wa asili, kwani walisomeshwa kwa kuandikishwa madaftari. Kijana wa namna hiyo hana ufundi wa kumuonyesha mwajiri.

Kwa hivyo tunawataka wakurugenzi wa utumishi, watakapotengeneza sifa za nafasi za ardhi, wakfu, mipango, habari na utalii, waitaje shahada ya historia kwa jina lake. Na skuli zetu za sekondari ziwapeleke wanafunzi Kilimani japo mara moja kwa mwaka. Kutoka Darajani ni mwendo wa dakika chache tu kwa gari.