Thamani Ndiyo Iliyomlinda Farasi

Kila tukutanapo hatuchoki kujisifu kwamba wazee wetu wa Omani walikuwa watu wa farasi. Ni kweli, nao waliwauza pia. Marco Polo ameandika habari za farasi waliopakiwa Qalhat kupelekwa Bara Hindi. Bahari haikuwa na huruma, lakini farasi aliyefia njiani alikuwa hasara tupu kwa tajiri wake, maana mnunuzi alitaka mnyama wa kupanda. Thamani yake ndiyo iliyomlinda.

Farasi apelekwaye ng'ambo akachinjwe hana mlinzi huyo. Yeye huuzwa kwa kilo, na akifika yu hai, kilema na kiu yake si hasara ya mtu. Mwaka 1911 Ada Cole aliwaona farasi wakongwe wa Uingereza wakiteremshwa bandarini Antwerp na kuswagwa kwenda machinjioni. Hakunyamaza; mwaka 1927 aliunda jumuiya ya kuipinga biashara hiyo. Ikafuata sheria ya 1937 iliyoweka kima cha chini cha thamani: farasi wa bei hafifu asivushwe bahari. Hiyo ilikuwa akili ya watu waliolijua soko, kwani nani atamnunua farasi kwa fedha nyingi ili auze nyama kwa fedha kidogo?

Sheria ya 2024 imepiga marufuku kabisa kuwatoa Uingereza farasi, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe walio hai kwenda kuchinjwa. Wengi wameshangilia. Mimi naiona imeishia nusu ya njia. Kinachokatazwa ni kusudio, na kusudio hutamkwa na mwenye mali. Akiandika kwamba farasi wake anakwenda mashindanoni, au kuzalishwa, nani atamfuata? Tena Ireland ya Kaskazini, iliyo chini ya ufalme huu huu, haimo. Kila farasi ana hati yake yenye nambari. Basi mpelekaji alazimishwe kuonyesha mnyama alikoishia, miezi mingi baada ya feri kung'oa nanga.

Najua jamaa atauliza yanatuhusu nini. Simlaumu alaye nyama ya farasi. Imamu Shafii ameihalalisha. Lakini tumeamrishwa kumstarehesha mnyama tunayemchinja, na hakuna starehe katika kusimama garini mchana kutwa na usiku kucha. Atakaye nyama amchinje huku huku, aisafirishe barafuni. Nasi tulio na kura hapa Uingereza tuwaandikie wabunge wetu juu ya hati hizo.