Umri wa Tairi Nao Utazamwe

Kutoka Wazo hadi mjini, malori ya saruji na magari ya abiria hupita mchana kutwa. Madereva huogopa tairi kipara, nao wana haki: mifereji ikibakiwa na kina cha milimita 1.6, tairi halifai tena, hasa mvua inyeshapo.

Lakini tairi lililokwisha kutumika, lenye mifereji ya kina, laweza kuwa la hatari vilevile. Mpira huzeeka kwa joto na oksijeni hata gari lisipotembea. Hukakamaa, hufanya nyufa, mwisho hupasuka. Tarakimu nne zinazohitimisha alama ya DOT ubavuni, mathalani 2316, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016.

Yafaa mnunuzi azisome kabla ya kutoa fedha. Unafuu wa bei haufidii maisha ya abiria.