Orodha ya ruzuku ibandikwe kijijini

Mkulima wa ekari mbili za mahindi akifika kwa wakala wa pembejeo bila namba ya usajili, mbolea anauziwa kwa bei ya soko. Jirani yake mwenye namba anaitaja, ujumbe unaingia kwenye simu, wakala anaskani mfuko, na mteja anaondoka baada ya kulipa bei ya ruzuku. Mpango huu wa ruzuku ya mbolea ulipozinduliwa Mbeya Agosti 2022, ukiwa umetengewa Sh bilioni 150, mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa ukiuzwa zaidi ya Sh 130,000 ulishuka hadi Sh 70,000. Kwa anayenunua mifuko minne, hiyo ni nafuu ya zaidi ya Sh 240,000.

Fedha hizo ni za walipa kodi, nao wana haki ya kujua zimemfikia nani.

Tulikwishaumia ruzuku ilipofika kwa wasiostahili. Msimu wa 2008/09 Serikali ilianza vocha za pembejeo kwa kaya zinazolima mahindi au mpunga eneo lisilozidi hekta moja, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilipaswa kutangulizwa. Majina yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji. Watafiti waliofuatilia vocha hizo mkoani Kilimanjaro walichapisha matokeo yao mwaka 2012: takriban asilimia 60 ya vocha ziliishia kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Na kwa kuwa mkulima alitakiwa kuchangia nusu ya bei, wapo maskini waliosaini vocha, wakapokea shilingi chache mkononi na kuiacha mbolea dukani.

Mfumo wa sasa wa kidijitali ni bora kuliko vocha, na tunaupongeza. Hata hivyo, taarifa zake bado zinaanzia kijijini, ambako jina la mkulima na ukubwa wa shamba lake huandikwa. Ekari mbili zikiandikwa ishirini, kompyuta itaruhusu mbolea ya ekari ishirini. Mama anayelima shamba la kukodi, akiambiwa kwamba mwenye shamba amekwishajiandikisha, atakwenda kumlalamikia nani? Anayejua mpaka wa shamba la fulani unaishia wapi ni jirani, na jirani haoneshwi orodha.

Tunataka aoneshwe. Kila msimu, kwenye ubao wa matangazo wa kijiji pabandikwe jina la mkulima, kitongoji chake, ekari alizoandikisha na mifuko aliyochukua. Namba za simu na za vitambulisho zisiwekwe. Orodha hiyo hiyo isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, mahali pale pale panaposomwa mapato na matumizi.

Watakaosema majina ni siri ya mtu watazame Umoja wa Ulaya. Huko wanaopokea ruzuku ya kilimo hutangazwa kwa majina kila mwaka. Mwaka 2010 mahakama ya Umoja huo ilibatilisha utaratibu wa awali kwa upande wa watu binafsi, kwa kuwa ulianika kila mtu bila kujali kiasi alichopata. Sheria ikaandikwa upya, majina yakarudi, na wanaopata kiasi kisichozidi euro 1,250 wakaachwa. Nasi tunaweza kupanga kiwango chetu, mradi anayebeba mifuko mingi asijifiche nyuma ya anayebeba mmoja.

Wizara ya Kilimo itoe agizo la kubandika orodha hiyo kabla usajili wa msimu ujao haujafunguliwa. Na wewe mkulima usilisubiri: kwenye mkutano ujao wa kijiji, simama umwombe mtendaji asome orodha, jina kwa jina, ekari kwa ekari.