MTOTO KAFUNDISHWA ADABU YA MGUU, KIDOLE KIMEACHWA



Ndugu zangu katika imani, posti hii ni ndefu. Najua wapo watakaosoma mistari mitatu kisha washuke kuweka komenti. Hao nao darsa hii inawahusu, basi wavumilie.

Mchukue mtoto wa madrasa wa miaka tisa, muulize chooni anaingia na mguu gani. Atakujibu hujamaliza swali: wa kushoto, na kutoka wa kulia, na dua zote mbili atakusomea. Muulize adabu ya kula, atakwambia bismillahi, mkono wa kulia, na ale cha mbele yake. Muulize kuingia nyumba ya watu, atakwambia abishe hodi mara tatu, asipojibiwa arudi zake. Mashaallah. Hapo walimu wetu wamefanya kazi, Allah awalipe.

Sasa mpe mtoto huyo huyo simu ya mama yake. Muulize: grupu lenu limetumwa picha ya mwenzako kalala kaacha mdomo wazi, watu wanacheka, wewe ufanye nini? Atakutazama tu. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Kila jioni anaingia majumbani mwa watu mia mbili bila hodi, na hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba ule nao ni mlango.

Nikilisema hili napewa majibu, na leo nataka niyajibu majibu yenyewe.

Wa kwanza wanasema: “Sheikh, dawa ni kunyang’anya simu, basi.” Ndugu yangu, shule zetu nyingi zimekwishapiga marufuku simu, na mimi siipingi marufuku hiyo. Lakini inaishia getini. Kuanzia Alasiri mpaka usiku mtoto ana simu ya mama, ana simu ya kaka, ana simu ya jirani. Na tangu shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020, baadhi ya walimu wenyewe hutuma kazi za nyumbani kwenye WhatsApp. Utamnyang’anya mpaka lini? Siku anayomaliza kidato cha nne unamnunulia ya kwake kwa furaha, na anaingia humo akiwa na miaka kumi na saba bila adabu hata moja ya kitu kile.

Halafu nikuulize, mzazi mwenzangu: akaunti alifunguliwa na nani? Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp, masharti yao yanataka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13. Mtoto ana miaka tisa. Mwaka wa kuzaliwa ukarudishwa nyuma, na mara nyingi kidole kilichourudisha ni cha baba. Mtoto kakaa pembeni anaona. Somo la kwanza alilopewa la mtandao, kabla hajaandika neno lolote, ni kwamba huku mtu huingia kwa uongo. Mwaka unaofuata baba huyo anakuja msikitini kunilalamikia kwamba kijana amekuwa mwongo, nimsomee dua.

Wa pili wanasema: “Ni utani tu, ni watoto.” Hapa nitakaa kidogo.

Utani sisi tunaujua. Mzaramo na Mnyamwezi wanataniana tangu enzi za mababu. Lakini utani una mwenyewe. Mtani wako unamjua, anakutania mbele ya uso wako, na wewe unamrudishia. Na siku ya msiba wako ndiye anayekuja kuhangaika na kazi za mazishi. Haya, huyu aliyekata uso wa mwenzake akautengeneza stika, akaurusha kwa watu asiowajua, ni mtani wa nani? Atamzika nani? Huo si utani, ni dhihaka, na dhihaka ina aya yake. Fungua Suratul Hujuraat, aya ya 11. Mwenyezi Mungu anakataza wanaume wasiwadharau wanaume, na wanawake wasiwadharau wanawake, kwani huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wao, kisha anakataza kuitana majina mabaya. Aya ya 12 inafuata papo hapo: dhana mbaya, kupelelezana, kusengenyana, na msengenyaji anafananishwa na mtu anayekula nyama ya nduguye maiti. Aya mbili tu, na ndani yake mna stika, mna majina ya kejeli ya kwenye magrupu, mna skrinishoti ya mazungumzo ya siri ya mtu. Kama kuna mwalimu anayesema hana mtaala wa adabu ya mtandao, mtaala ndio huo.

Bibi mmoja alinisubiri nje ya msikiti baada ya Alasiri. Mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha pili, alikuwa hajafika madrasa miezi miwili, na mimi nilidhani amesafiri. Kumbe wavulana wa darasa lake walimpiga picha akiwa anakula, wakaukata uso, wakautia maneno, ikawa stika. Ikazunguka grupu la darasa, ikaenda shule ya pili, mwisho ikaingia kwenye grupu la vijana wetu wa madrasa. Kila mtu akichoka na jambo anaitumia. Binti kila akiingia mahali anaona watu wanacheka, hajui kama wanamcheka yeye au wanacheka mambo yao.

Shuleni watu wazima walichukua hatua. Wavulana walichapwa viboko. Wazazi wao wakaitwa, wakamwomba radhi mwalimu mkuu, kesi ikafungwa.

Rudia kusoma hapo. Walimwomba radhi mwalimu mkuu! Uso ni wa nani? Aliyekaa miezi miwili ndani ni nani? Binti hakuombwa radhi na mtu yeyote, na stika ilibaki kwenye simu za watu vile vile. Viboko viliuma siku moja, na baada ya viboko vijana wakajihesabu wamekwishalipa. Sasa mimi nawauliza wanaoamini fimbo peke yake: hapo mmefundisha adabu gani? Mmewafundisha kwamba deni la mtu hulipwa kwa makalio.

Imam Nawawi katika Riyaadhus Swaalihiin ameweka wazi masharti ya toba. Dhambi ikiwa baina ya mja na Mola wake, masharti ni matatu: aiache, ajute, na aazimie kutoirudia. Ikiwa inahusu haki ya mwanadamu, linaongezeka la nne: amrudishie mwenye haki haki yake. Niliwaita wale vijana na baba zao. Mmoja akaniuliza, na ni swali zuri: “Sheikh, nikiifuta kwenye simu yangu si inatosha?” Nikamwambia mwanangu, umeiba mbuzi ukamgawa nyama mtaa mzima, sasa unaniambia umeosha kisu.

Kufuta kwako ni sharti la kwanza tu. Hata ukifuta kwa wote, ujumbe unaondoka kwenye grupu, lakini aliyekwisha kuihifadhi stika ile bado anayo. Kwa hiyo lazima uandike katika grupu lile lile, si lingine, mbele ya watu wale wale waliocheka: nilichofanya ni dhuluma, nawaomba muifute. Uliowatumia nje ya grupu, uwafuate mmoja mmoja. Na usiandike ile “samahanini kama kuna niliyemkwaza”. Hakuna “kama”. Kuna mtu, na jina lake unalijua. Kisha uende kwao, mzazi akiwepo, umwombe yeye. Akikataa kusamehe, ana haki.

Walifanya. Mmoja alilia, wa pili alinuna njia nzima. Binti amerudi madrasa, alhamdulillah, ila anakaa nyuma. Zamani alikuwa anakaa mbele.

Mtume (S.A.W) aliwauliza Maswahaba muflisi ni nani, kisha akawafahamisha, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kwamba ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala na saumu na zaka, lakini kamtukana huyu, kamsingizia huyu, kampiga huyu, basi mema yake yagawiwe kwa wadai wake, na yakiisha abebeshwe madhambi yao. Zamani mtu wa mtaani wadai wake walikuwa wachache, aliwajua kwa sura, angeweza kuwazungukia kabla hajafa. Kijana wa leo, kwa stika moja na komenti kumi kwa siku, ana wadai Mwanza, Mombasa na Muscat, na nusu yao hajui hata majina yao halisi. Atawapata wapi awaombe radhi? Mwalimu, hili ukilinyamazia, unamuandaa mwanafunzi wako awe muflisi, na Juzuu Amma kichwani.

Sasa kundi la tatu, na najua hapa nitatukanwa. Hawa wanasema: “Sisi hatutukani, tunatetea dini.” Kijana kajiunga na darsa mwaka jana. Nguzo za udhu hajazimaliza, lakini orodha ya masheikh waliopotea anayo. Anakata sekunde ishirini kwenye mawaidha ya saa nzima, anaweka kicheko, anaandika jina la mnyama, anarusha. Ukimkataza anakwambia ni kukataza maovu.

Mwenyezi Mungu alipowatuma Musa na Harun kwa Firauni, katika Suratu Twaha aya ya 44, aliwaamrisha wamwambie maneno laini. Firauni! Aliyedai uungu na kuchinja watoto. Wewe hujafika kwa Musa, na huyo sheikh unayemkata video hajafika kwa Firauni. Ukosefu wa kielimu hujibiwa kwa elimu, na wanazuoni wamejibizana vitabu kwa vitabu. Jina la mnyama si hoja.

Lakini sitamtwisha kijana mzigo wote. Kajifunza wapi? Wapo watu wa mimbari, wenye vilemba na wafuasi, wanaorusha video za kuwaita wenzao mbwa na punda, na chini yake wanafunzi wanaweka vicheko. Ile ndiyo darsa yenyewe. Hata ukisomesha Arbaini ya Nawawi ukafika hadithi ya 15, ya kusema kheri au kunyamaza, mwanafunzi ataihifadhi kwa ajili ya mtihani na atakufuata ulivyo kwenye simu. Mama yake Imam Malik alipomvalisha mwanawe kilemba kumpeleka kwa Rabi’a, alimuusia achukue adabu zake kabla ya elimu yake. Leo mama akimpeleka mwanawe kwa baadhi ya watu kuchukua adabu, atarudi na matusi yenye isnadi.

Sheria za nchi zipo, nazipitia haraka. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni. Kenya ina ya kwao ya mwaka 2018. Wanafunzi waambiwe. Ila anayenyamaza kwa kuogopa polisi atafungua akaunti ya jina la bandia usiku huo huo.

Na kusambaza habari bila kuthibitisha? Mwaka 2019 WhatsApp walipunguza usambazaji, ujumbe uende kwa watu au magrupu matano tu kwa mara moja, na mwaka 2020 uliokwishasambazwa sana wakaubana uende kwa mmoja mmoja. Sisi tuna aya ya 6 ya sura ile ile ya Hujuraat inayotuamrisha kuhakikisha, na bado kila mwezi namsoma mtu kafa kwenye grupu la msikiti naye yuko safu ya pili anaswali.

Kwetu hapa darsa inaanza Jumamosi hii baada ya Alasiri, kwa wanafunzi wa kuanzia miaka 13. Simu itakuwa mkononi mwa ustadhi, grupu limefunguliwa, na kila mwanafunzi atasema mbele ya wenzake angeandika nini na kwa nini. Wazazi waje pia, tena na simu zao. Mwenye akaunti ya mtoto aliyeongezewa umri aje nayo tuifunge pamoja.

Maswali andikeni hapa chini, nitajibu inshaallah baada ya Isha. Na anayedhani anaijua shule au familia niliyoisimulia, asiandike.

Wabillahi tawfiiq.