Shingo ya Mwanao, Je?

Ikiwa una mtoto anayecheza kriketi shuleni, nakuomba ufanye jambo moja leo kabla ya chakula cha mchana. Itoe helmeti yake mkobani, uigeuze, uitazame kwa nyuma. Mbele utaona vyuma vya kukinga uso, na juu ganda gumu la kukinga utosi. Pale chini ya masikio, inapoanzia shingo, je? Aghalabu hapana kitu, hasa zile helmeti za kurithishana kutoka kaka hadi mdogo wake.

Ni hapo mpira ulipompata Phillip Hughes, mchezaji wa Australia, mnamo Novemba 25, 2014 katika uwanja wa kriketi wa Sydney. Alikuwa amekwisha kujipatia mikimbio 63. Ukaja mpira mfupi, ukadunda na kupaa. Alijipinda kuupiga, akaukosa, ukamgonga shingoni. Helmeti alikuwa nayo. Mshipa wa damu uendao ubongoni ulipasuka, na baada ya siku mbili akaaga dunia, zikiwa zimebaki siku tatu tu atimize miaka 26.

Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Si mpira tu?" La, mama. Mpira wa kriketi una uzito wa gramu 160 hivi, umeshindiliwa koki na uzi ndani, ukafunikwa ngozi. Warushaji hodari huufikisha kasi ya kilomita 140 kwa saa na zaidi.

Baada ya msiba huo, watengenezaji walileta kinga ya shingo, yaani vipande vya plastiki na sponji vinavyobanwa nyuma ya helmeti. Sitakudanganya kuwa kifaa hicho ni hirizi. Uchunguzi wa kifo cha Hughes ulionyesha kuwa hata helmeti bora zaidi za wakati ule hazingeifunika sehemu aliyogongwa. Lakini shingo iliyofunikwa si sawa na iliyo wazi.

Wakubwa wenyewe walikuwa wabishi. Steve Smith, bingwa wa kupiga, alisema kifaa hicho humfanya ajihisi amebanwa. Agosti 2019, katika uwanja wa Lord's jijini London, mpira wa Jofra Archer ulimwangusha kwa kumpiga shingoni, na mechi iliyofuata hakucheza. Tangu Oktoba 2023, chama cha kriketi cha Australia kiliwalazimisha wachezaji wake wakuu kuvaa kinga hiyo wanapokabili warushaji wa kasi. Smith naye akavaa. Kumbe mwili huzoea!

Kwa hivyo kijana wako akinung'unika kuwa inamkuna, mwache anung'unike huku ameivaa.

Utakapokwenda kununua, beba helmeti yenyewe. Kinga hizi mara nyingi huuzwa kando, na kibanio cha kampuni moja huenda kisishike kwenye helmeti ya nyingine. Ivalishe, umwambie mtoto ainue kichwa kana kwamba anamtazama mrushaji, uone kama imemzuia.

Wala usikubali akuambie ataivaa siku ya mechi pekee. Mnamo Oktoba 2025, kijana wa miaka 17 alipigwa shingoni huko Melbourne, akafa. Alikuwa na helmeti isiyo na kinga ya shingo, na alikuwa mazoezini.