Jamani, 200 sio jibu la kila kitu

Najua nimepotea. Nilikuwa field huko Lukuledi, Masasi, kwenye ile barabara ya kwenda Nachingwea. Habari za darasani nitawapa siku nyingine, leo kuna jambo linanikera na lazima nilitoe. Wale wa kozi ya kompyuta mnisamehe mwalimu kuingia jikoni kwenu, ila kosa lenyewe tulilifanya wenyewe, mimi na mshkaji wangu.

Tulitengeneza kiprogramu cha kukusanya maksi. Mwalimu anaingiza maksi kwenye simu, simu inazipeleka kwenye seva kupitia API, mwalimu wa taaluma anapata orodha. Mshkaji aliandika upande wa seva. Akaamua seva ijibu 200 kila mara, na kama kuna tatizo litajwe ndani ya maandishi ya jibu. Sasa 200 kwenye HTTP maana yake ni "sawa, imefanyika". Mimi niliyeandika upande wa simu nikaiamini. Simu ikiona 200 inaandika "Imefanikiwa", halafu inafuta maksi zake.

Siku moja diski ya seva ikajaa. Seva ikajibu 200, na ndani imeandika "imeshindikana kuhifadhi". Simu haikusoma ndani, ikafuta. Orodha ikatoka na sifuri kwa darasa zima la Kidato cha Pili, ikabandikwa. Kuna binti alikuwa na 78. Alisoma ile sifuri, akarudi kwenye dawati lake, akakaa kimya. Hakuja hata kuuliza. Alishaamini! Bahati nzuri karatasi nilikuwa nazo, nikaingiza upya kabla ya mapumziko, lakini ule uso sijausahau.

Wadau, sisi walimu ndio tungepaswa kulijua hili mapema. Kwenye matokeo ya NECTA, mtu aliyepata Division 0 na mtu aliyeandikiwa ABS hawako sawa. Mmoja alifanya mtihani akafeli, mwingine hakutokea. Matokeo yaliyozuiwa nayo ni tofauti na yaliyofutwa. Wote hao hawajafaulu, ila kila mmoja ana safari yake baada ya hapo.

Au chukua korosho, maana kule ndio maisha yenyewe. Tangu stakabadhi ghalani ianze mwaka 2007, mkulima anapeleka gunia kwenye chama cha msingi. Akiambiwa "korosho zako hazijakauka", anarudi kuzianika. Akiambiwa "ghala limejaa", hana la kuanika, anasubiri. Karani akisema "sawa, sawa" kwa kila mtu bila kuandika kitu, mkulima ataondoka anafurahi halafu hela haioni.

Namba za HTTP zinafanya kazi hiyo hiyo. Zilishawekwa kwenye maandishi ya HTTP/1.0 mwaka 1996, sio mambo mapya. Zinazoanza na 2, mzigo umepokelewa. Zinazoanza na 4, kosa liko kwako uliyetuma, karekebishe. Zinazoanza na 5, kosa ni la seva, tunza mzigo wako ujaribu tena baadaye. Kwa kiprogramu chetu zilihitajika chache tu: 201 maksi zimeingia, 401 hujajitambulisha, 403 nakujua ila hili sio darasa lako, 404 mwanafunzi huyo hayupo, 409 maksi hizi zilishaletwa, 422 umeandika 105 kwenye mtihani wa 100, na 503 seva imeelemewa, rudi baadaye. Ile siku ya diski kujaa, hata 500 tupu ingetosha kuokoa maksi zote.

Mshkaji anabisha: "Si maelezo yalikuwa ndani? Kosa lako kutosoma." Ana hoja nusu. Maelezo ndani yanahitajika, maana 422 peke yake haikwambii ni maksi za nani zimezidi. Lakini huwezi kuandika "sawa" nje ya bahasha halafu ndani uweke barua ya msiba. Mitambo mingi ya katikati inasoma namba tu, haifungui barua. Na anayekuja kuandika simu nyingine kesho hajui wewe umeficha wapi neno "imeshindikana".

Nakubali namba hazimalizi kila kitu. Mtandao ukikatika katikati hupati namba yoyote, kwa hiyo simu isifute kitu mpaka ipate jibu la kueleweka. Na kuna kazi zinazochukua muda. Ukiomba malipo ya M-Pesa kwa Daraja kule Kenya, jibu la kwanza linasema tu ombi limepokelewa. Mteja bado hajaweka namba ya siri, na anaweza kukataa. Matokeo yenyewe yanakuja baadaye. Kwa hali kama hiyo HTTP ina 202: nimepokea, sijamaliza. Huo ndio ukweli, na ukweli una namba yake.

Tumeshabadilisha ile seva. Mshkaji bado ananuna kidogo, ila namba ameweka. Nyie mnaounda mifumo ya kupokea maombi, ada na matokeo, kumbukeni upande wa pili kuna binti kasoma sifuri isiyo yake.

Nawakilisha. Wenye kubisha karibuni, ila msinijibu 200 kama hamjakubali.