Shela lisingoje basi

Mzigo umepanda basi. Kwa familia nyingi za Chala, kwenye uwanda wa Ufipa, ujumbe huo mfupi wa simu ndio unaoifungua wiki ya harusi. Shela limenunuliwa Kariakoo, limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukabidhiwa kondakta, na sasa liko mahali fulani kati ya Dar es Salaam na Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilometa 1,100. Likishushwa Sumbawanga litatafutiwa gari jingine la kuelekea Namanyere, maana Chala iko kwenye barabara hiyo. Huku nyumbani ndoa imekwisha kutangazwa kanisani, kadi zimegawiwa na sare za kamati zimeshonwa. Kisichojulikana ni kama zipu itafunga.

Bahati nasibu hii haina sababu ya kuendelea. Shela la harusi ya Ufipa lingeshonwa Ufipa. Likishindikana, basi angalau likodiwe au linunuliwe mahali ambapo bibi harusi anaweza kuingia ndani yake kabla pesa haijatoka mfukoni.

Lami ndiyo iliyoleta tamaa. Zamani kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga, kilometa zaidi ya 220, kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na hakuna aliyethubutu kulikabidhi gauni jeupe kwa barabara ya namna ile. Kisha ikaja lami, kwa fedha za Marekani chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia wa 2008 hadi 2013, na Kariakoo ikasogea. Zikafuata simu za kioo, na picha za mashela zikawa zinaingia jikoni kwa mama kabla hata mahari haijamalizika. Mengi ya mashela hayo yametoka China. Mji wa Suzhou peke yake una mtaa mzima wa maduka ya mavazi ya harusi, chini ya kilima cha Huqiu.

Picha lakini haina kiuno. Gauni lililopigwa picha kwenye sanamu ya dukani limebanwa kwa pini mgongoni, na namba za Kichina aghalabu ni ndogo kuliko zilizozoeleka hapa. Anayetaka kuagiza kwa mbali hana budi kupimwa na fundi kifua, kiuno na nyonga. Urefu nao upimwe kutoka begani mpaka sakafuni, akiwa amevaa viatu vile vile vya siku ya harusi. Dada wengi hupeleka kipimo cha blauzi yao waipendayo, wakamwachia Mungu mengine. Kama ni lazima kuagiza, lenye kamba za kukaza mgongoni ni salama kuliko la zipu, kwa kuwa kamba husamehe kilo tatu na zipu haisamehi hata moja.

Halafu kuna baridi, jambo ambalo muuzaji wa Kariakoo, anayefuta jasho, hawezi kulikumbuka. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Harusi nyingi za uwanda huu hungoja mahindi yavunwe, na mavuno huangukia Juni na Julai, miezi ambayo usiku wa Ufipa unauma kweli. Shela la mabega wazi lililobuniwa kwa ukumbi wenye joto hupanda juu huku, na ifikapo saa mbili usiku bibi harusi anakata keki akiwa na koti la shemeji mabegani. Fundi wa Sumbawanga asingehitaji kuambiwa. Angetia mikono ya lesi na bitana nzito, na koti lingebaki kwa shemeji.

Na mahindi ndiyo yanayolipa. Tuseme kilo imeuzwa shilingi 500: gunia la kilo 100 ni shilingi 50,000, na shela la laki tano limekula magunia 10. Mara nyingi pesa hiyo hutoka kwa bwana harusi, ambaye kwa adabu hatauliza kwa nini gauni la kuvaliwa kwa saa nane tu lina bei ya mbolea ya msimu. Bibi harusi naye anaona haya kuomba nyingine ya kurekebisha. Shela lisilomkaa linavaliwa hivyo hivyo, na pini.

Cha kushangaza, hakuna anayelidai shela hilo. Kanisa Katoliki, lenye mizizi mirefu Ufipa tangu Mapadri Weupe walipofika Karema mwaka 1885, linataka ridhaa ya wawili mbele ya padri na mashahidi wawili. Sheria zake hazitaji nguo nyeupe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka notisi ya siku 21, na juu ya vazi haisemi kitu. Siku 21 zinaitosha serikali kujua kwamba watu wanaoana. Shela la kuagiza China kwa meli hazilitoshi hata kufika bandarini.

Weupe wenyewe una habari yake. Mwanamke aliyeueneza kuliko wote ni Malkia Victoria wa Uingereza, aliyeolewa tarehe 10 Februari 1840. Si kwamba kabla yake hakuna aliyewahi kuolewa na nyeupe, ila picha zake zilienea na mitindo ikamfuata. Kinachosahauliwa ni sababu. Lesi ya mkono ya Honiton, kule Devon, ilikuwa inauawa na lesi ya mashine, na malkia akaagiza yake kwa wanawake wa huko, zaidi ya 200, walioifanyia kazi kwa miezi. Satini ikafumwa Spitalfields, London. Yaani vazi linaloigwa leo kutoka Suzhou mpaka Chala lilikuwa, siku ile, agizo la kuwapa kazi mafundi wa nyumbani. Watu wakaiga rangi, wakaacha akili yake.

Na Ufipa haikuwa nchi ya kungoja nguo kutoka kwa wengine. Katika karne ya 19 Wafipa walijulikana kwa kufua chuma katika matanuri marefu ya udongo na kwa kufuma kitambaa kizito cha pamba, seketa, kwenye kitanda cha mfumi kilicholazwa chini. Kilichoimaliza kazi hiyo ni nguo ya bei nafuu kutoka ng'ambo, ikiwemo merikani, ambayo hata jina lake lilitaja ilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiileta Zanzibar tangu kabla ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sultani Said. Kitambaa cheupe kilichofika kwa safari ndefu na kumwondoa fundi wa hapa kazini si hadithi mpya.

Hakuna anayedai seketa irudi. Cherehani zipo, tena Chala kwenyewe kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa nchini kuanzia 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, na ushonaji ni fani iliyozoeleka katika vyuo hivyo. Satini, neti na lesi zinaweza kuja na basi bila hofu, kwa sababu jora halina kiuno.

Watetezi wa Kariakoo wana hoja moja nzito: fundi cherehani ana kesho zake. Njoo kesho, bado vifungo, umeme ulikatika. Kweli tupu. Lakini fundi wa Chala anafikika. Apewe kianzio badala ya malipo yote, ajue tarehe ya kujaribisha wiki tatu kabla, na akianza kesho zake shangazi mmoja mwenye sauti akae kwenye benchi la mlango wake. Duka la mbali halikaliwi mlangoni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Ila kesi ya shela haiamuliwi kati ya Alhamisi lilipofika na Jumamosi ya misa, na risiti mara nyingi haikudaiwa.

Lililoshonwa karibu lina faida nyingine, inayoonekana baada ya miaka minane au tisa. Gauni la kukodi limerudishwa, na la Kariakoo lenye shanga za gundi limeshaanza kupukutika ndani ya nailoni yake. La satini nzuri, ambalo fundi aliacha mshono mpana, linafumuliwa na kukatwa upya kwa ajili ya binti anayepokea Komunio ya kwanza. Victoria naye alivaa tena lesi yake katika ubatizo wa watoto wake, na picha iliyotumika kwa jubilei yake ya 1897 inamwonyesha bibi mzee aliyejitanda lesi ile ile ya Devon.